Kiti cha Nyuma

Mume wangu Leoncio ni mwongo, na aliyemfundisha uongo ni mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamlaumu peke yake.

Nilikuwa fundi cherehani hapa Valdehigos. Macho yangu hayakuzimika siku moja, yalizimika kwa miaka mitatu. Kwanza nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikasingizia uzee. Halafu nikamshonea bibi harusi gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mama yake alikuja dukani akanitolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilipofika miaka hamsini na mbili nilikuwa sioni hata dirisha liko upande gani. Nikafunika cherehani, nikaketi jikoni mwaka mzima, nina hasira na kila mtu, mpaka na redio.

Leoncio wakati huo alikuwa bado anafanya kazi kwenye kinu cha kukamua mafuta ya zeituni. Jumapili moja akarudi nyumbani anaburuta kitu kinacholia mnyororo.

"Njoo nje," akasema. "Panda."

"Nipande nini?"

"Baiskeli. Ina viti viwili. Chako ni cha nyuma."

"Leoncio, umerukwa na akili? Mimi kipofu!"

"Ndiyo maana nimekwambia cha nyuma. Ningekuweka mbele ndiyo ungesema nimerukwa na akili."

Nilikataa kwa wiki tatu. Wiki ya nne nilipanda ili nimwonyeshe kwamba haiwezekani, na mpaka leo bado sijashuka vizuri.

Njia yenyewe sisi tunaiita Reli, kwa sababu ilikuwa reli kabla vyuma havijang'olewa. Inatoka stesheni ya Valdehigos mpaka stesheni ya Fuente Parda, kilomita kumi na saba, na halipiti gari wala pikipiki. Nchi yetu ni vilima juu ya vilima, na ukitaka kwenda Fuente Parda kwa barabara utapanda mpaka uwataje watakatifu wote. Lakini treni haipandi mlima mkali. Kwa hiyo waliojenga reli walitoboa mahandaki manne, wakajenga madaraja juu ya mabonde, na kila mahali wakatafuta mteremko wa taratibu. Treni zimekwenda zao, mteremko umebaki. Watu wa umri wetu wanafika mwisho na bado wana pumzi ya kusengenya.

Jumapili ya kwanza Leoncio alijaribu kunieleza anayoyaona.

"Kushoto kuna mti," akasema.

"Mti gani?"

"Mti tu. Wa kijani."

"Na kulia?"

"Mwingine."

Nilimwambia asimame, nikashuka, nikamwambia kama ni hivyo heri anirudishe jikoni. Mti wa kijani! Niliona kwa miaka hamsini, najua kwamba miti ni ya kijani. Nataka kujua huu wa leo ukoje. Una kivuli? Nani amekaa chini yake? Majani yamechoka au ndiyo kwanza yanatoka? Maskini akajikuna kichwa, akapanda tena, akaanza upya. Na mwaka haukuisha kabla hajawa bingwa. Alinieleza tumbusi wanaozunguka juu ya jabali la Peñón, mmoja akiwa amechelewa kama karani wa serikali. Alinieleza milozi ikichanua, na kondoo wa Hilario waliochafuka kuliko Hilario mwenyewe. Alipoona kidogo aliongeza, nami nilijua anaongeza, nikafurahi. Ndivyo nilivyomfundisha.

Mimi nami nilijifunza yangu. Pedali za baiskeli ya watu wawili zimefungwa pamoja kwa mnyororo, mguu wake ukizunguka na wangu unazunguka. Ukikaa nyuma miaka kumi na moja unamjua mtu kwa nyayo. Nilijua alipochoka, nilijua alipogombana na kaka yake kwenye simu asubuhi hiyo. Nilijua hata alipomtazama mwanamke.

"Nani huyo?" nilimuuliza siku moja.

"Nani?"

"Huyo aliyekusahaulisha kukanyaga."

"Ni mtalii wa Kijerumani, Dulia. Mnyororo wake umetoka."

"Na wewe nusura utoke."

Alicheka mpaka usukani ukayumba. Jina langu ni Obdulia, lakini yeye tangu uchumba ananiita Dulia.

Jambo moja zaidi nililokuwa nalo huko nyuma ni breki. Baiskeli yetu ina breki tatu. Mbili ziko mikononi mwake, na ya tatu, ya kupunguza mwendo kwenye mteremko mrefu, iko kwangu. Yeye anasema, "Dulia, breki," nami navuta. Ndiyo kazi yangu pekee ukiacha kukanyaga.

Sasa nije kwenye kosa.

Mpwa wangu Maricruz, binti wa marehemu kaka yangu, ndiye mwenye kantini kwenye stesheni ya Valdehigos. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti pana, na mkate wake wa kuchoma wenye mafuta na nyanya hauna mfano. Oktoba iliyopita tulikuwa tumekaa kwake baada ya safari, Leoncio ameenda msalani, naye Maricruz akafunga mlango kwa kishindo.

"Samahani shangazi, upepo huu utaniua. Tangu walipong'oa mizeituni ya Cerro Mocho hakuna cha kuuzuia."

"Mizeituni gani imeng'olewa?"

"Ya Cerro Mocho, si ile aliyoiuza babu? Wameweka paneli za sola, kilima kizima. Miezi minane sasa. Mjomba hajakwambia?"

Mizeituni ya Cerro Mocho baba yangu aliipogoa kwa mkono wake, na saa moja tu kabla ya hapo Leoncio alikuwa amenieleza jinsi majani yake yanavyogeuka fedha upepo ukipita. Jumapili iliyotangulia alikuwa amenieleza hivyohivyo.

Kwanza nilidhani ni huruma. Nikasema, mume wangu ameona miti ya baba yangu imeng'olewa, hakutaka niumie, akaiacha imesimama kwa ajili yangu. Nilimpenda sana kwa dakika kama mbili.

Kisha akarudi kutoka msalani, akaketi, na nikasikia kiganja chake kikiteleza juu ya kitambaa cha plastiki cha meza. Polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka kikagusa kikombe. Sauti hiyo naijua. Naifanya mimi kila siku kwenye kila meza.

Mtu mwenye akili angesema hapohapo. Mimi nilikunywa kahawa yangu, nikasema imepoa, tukaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo nilisikiliza. Nyumbani alikuwa ameacha kusoma gazeti, anasema siku hizi waandishi hawajui kuandika. Mtu akimsalimu barabarani alingoja asikie sauti kwanza ndipo ataje jina. Kwenye Reli alikuwa anakwenda kwa kukumbuka: hapa handaki, hapa daraja, hapa kona ya mtini. Na alinieleza kila kitu kama kawaida, vizuri kuliko zamani, kwa sababu sasa hakuna kilichomzuia. Aliona tumbusi siku ambayo ukungu ulikuwa unanilowesha nyusi.

Nikafungua mdomo mara mia, nikaufunga mara mia na moja. Kwa sababu nilijua: nikisema, baiskeli imekwisha. Sina Jumapili tena. Nitabaki na jikoni na redio. Basi nikaanza kuvuta breki bila kuambiwa. Nikisikia njuga za mbuzi mbele, navuta. Nikisikia watu wanaongea, au mbwa anahema, au changarawe zinalia chini ya kiatu cha mtu, navuta kidogo, na Leoncio anapiga kengele, tunapita. Nilijiona hodari. Nilijiambia kwamba yeye ana kumbukumbu, mimi nina masikio, tukijumlisha tunapata dereva mzima.

Hatukumkumbuka mtu asiye na sauti.

Mwezi wa tatu kwetu ni mwezi wa asparaga mwitu. Mvua ikinyesha siku mbili na jua likitoka siku moja, machipukizi yanachomoza kwenye vichaka kando ya Reli, na nusu ya Valdehigos inatoka na visu vidogo kwenda kuyakata kwa ajili ya kukaanga na mayai. Mkataji wa asparaga hasemi kitu. Hataki mwenzake ajue kichaka chake kiko wapi. Anakwenda ameinama, na viatu vya soli ya kamba, na hata akikohoa anakohoa ndani ya kiwiko. Mimi mwenyewe nimekata asparaga tangu nikiwa mtoto, najua yote haya, na bado hayakunipitia kichwani.

Tulikuwa tunarudi kutoka Fuente Parda, tumetoka handaki la tatu, mteremko mwanana, upepo wa mgongoni. Leoncio alikuwa ananieleza punda.

"Amesimama juu ya ukingo, Dulia, anatutazama kama vile tunamdai—"

Kisha baiskeli ikagonga kitu laini, mwanamke akapiga yowe, mbingu ikageuka, nami nikajikuta nimelala ubavu na mdomo una vumbi.

"Leoncio!" niliita.

"Niko hapa! Niko hapa! Umeumia?"

"Sijaumia. Tumemgonga nani?"

Jibu lilitoka mtaroni lenyewe, na lilikuwa kali.

"Mmenigonga mimi! Mimi Casilda, mjane wa Baldomero, nina miaka sabini na tisa, nimeponea vita na njaa na mume, leo nije nife kwa baiskeli? Nitachekwa mpaka kaburini!"

Bi Casilda anakaa shamba la kando ya Reli, na mimi nilimshonea sare za watoto wake wote watano. Nilitambaa mpaka mtaroni kwa kufuata matusi. Nikampapasa kichwa, mabega, makalio, naye akinipiga kofi la mkono kila nilipomtekenya. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeanza kuvimba. Nilikipindisha taratibu, kilimuuma lakini kiligeuka. Nikavua skafu yangu nikamfunga.

"Leoncio, kijana wewe," akasema Bi Casilda. Leoncio ana miaka sitini na nane. "Unataka kuniua kwa ajili ya mafungu mawili ya asparaga?"

"Nisamehe, Bi Casilda. Sikukuona."

"Hukuniona! Nimesimama katikati ya njia nafunga fungu langu kwa kamba! Nimevaa sweta jekundu, mwanangu kanitumia kutoka Barcelona, jekundu kama gari la zimamoto! Haya, asparaga zangu zimetawanyika, okoteni. Zote! Nilianza saa moja asubuhi."

Tukapiga magoti, mume na mke, katikati ya Reli, tukaanza kuokota. Mimi nilipapasa kama ninavyopapasa siku zote. Na upande wa pili nikamsikia Leoncio anapapasa. Kiganja kinateleza juu ya vumbi, kinakwenda, kinarudi, kinakosa.

Bi Casilda alikuwa amekaa ukingoni akitusimamia. Aliendelea kufoka kidogo, halafu kufoka kukapungua, halafu akanyamaza kabisa. Kimya hicho kiliniogopesha kuliko yowe lake.

"Leoncio," akasema hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mama. "Mwanangu, ziko mbele yako. Hapo hapo mbele ya goti lako."

Kiganja kikasimama.

"Tangu lini?" akauliza Bi Casilda.

Mimi ndiye niliyejibu.

"Tangu kiangazi kilichopita, nadhani. Labda kabla."

"Ulijua?" Leoncio akaniuliza. Hakupaza sauti.

"Nilijua."

"Yesu na Mariamu," akasema Bi Casilda. "Huyu haoni, na wewe unajua haoni, na ukakaa huko nyuma unakanyaga?"

Nilitamani anitukane kama mwanzo.

"Mimi nimeshaishi," akaendelea. "Lakini jana nilikuja na mjukuu wangu hapahapa. Ana miaka minne, anakwenda mbele yangu mbiombio. Jana, Obdulia. Umesikia?"

"Nimesikia."

Tuliokota mpaka asparaga zote zikapatikana. Tulimsindikiza hadi mlango wa shamba lake. Hakukubali tumwite daktari. Alituambia maneno mawili tu: kwamba hatamwambia mtu, na kwamba akisikia tena kengele ile bila mtu mwenye macho pale mbele, atakuja na shoka lake mwenyewe aikate baiskeli vipande.

Kutoka hapo hadi stesheni ni kilomita tano. Tulitembea. Leoncio alishika usukani, mimi nilishika kiti cha nyuma, na baiskeli ilikuwa katikati yetu inalia tiki tiki tiki kwa sababu gurudumu lilikuwa limepinda kidogo.

"Ni katikati tu," Leoncio akaanza. "Pembeni naona. Naona ukingo huu, naona ukingo ule, vya mbali ni ukungu mtupu. Ila katikati ni kama mtu ameweka kidole gumba juu ya picha. Nikikutazama uso, uso haupo. Nikitazama pembeni yako, naona sikio lako."

"Sikio langu ni zuri."

"Ni zuri, ndiyo, lakini si wewe mzima."

"Daktari anasemaje?"

"Nilikwenda kwake mwezi wa sita. Macho yote mawili. Alisema hakuna dawa ya kurudisha, pembeni patabaki. Nikamwambia sawa, nikapanda basi nikarudi, nikakukuta umeshavaa viatu vya baiskeli. Ilikuwa Ijumaa, Dulia. Siku mbili kabla ya Jumapili, na wewe ulikuwa unavipima kama bado vinakutosha."

Nilikumbuka siku hiyo. Nilikuwa nimeimba.

"Ningekwambia, ungekataa kupanda," akasema. "Ungerudi jikoni. Nilikuona ulivyokuwa jikoni, sitaki kukuona hivyo tena hata kwa sikio."

"Basi na mimi nikuambie langu," nikasema, na hapa sauti yangu ilikatika, niliruhusu ikatike. "Mimi sikunyamaza kwa ajili yako. Sikukuhurumia hata kidogo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda. Nilitaka Jumapili yangu. Nilivuta breki, nikajifanya hodari, na mtoto wa miaka minne angeweza kuwa pale."

"Ulivuta breki?"

"Miezi mitano."

Leoncio akasimama. "Kumbe ni wewe! Nimempelekea fundi baiskeli hii mara mbili! Nimemwambia inajikaza yenyewe! Amenibadilishia vishikio vya breki, amepaka mafuta, mara ya pili akaniambia, mzee, baiskeli haina ugonjwa, labda ni miguu yako."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, nilikuwa bado nalia, lakini nilicheka mpaka nikajishikiza kwenye kiti. Naye akacheka. Wazee wawili wenye vumbi mpaka kwenye meno.

Tulipofika chini ya Cerro Mocho niliujua upepo. Ulikuja mtupu, bila majani ndani yake. Nikaona hapana budi.

"Leoncio, nieleze mizeituni."

"Dulia, usinitese. Nimekwambia sioni."

"Haipo. Imeng'olewa yote. Mwaka mzima sasa."

Tiki tiki ya gurudumu ikakoma.

"Yote?"

"Yote. Maricruz kaniambia."

"Hata ule wa baba yako wenye mashina mawili?"

"Na ule pia."

"Na sasa kuna nini?"

"Paneli za sola."

"Zikoje?"

"Nitajuaje mimi, mwanaume? Nasikia zinang'aa."

Akaniwekea mkono begani, juu ya baiskeli, mkono mzito wa mtu wa kinuni. Mikono yake bado inanukia mafuta ya zeituni ijapokuwa amestaafu miaka mitatu. "Nimekudanganya kuhusu miti ya baba yako," akasema. "Nisamehe. Nilidhani ipo. Niliiona kabisa."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe, mwaka mzima nimekuwa na miti ambayo watu wenye macho mazuri hawakuwa nayo. Nilisema kweli. Tukaendelea kutembea, na kwa kilomita mbili zilizobaki hakunieleza kitu, wala sikumwomba.

Maricruz alitupokea mlangoni, akapiga yowe alipoona vumbi. Tulimwambia yote, mara moja, kabla ya kahawa. Alilia, akatugombeza, akatupa mkate, akatugombeza tena. Kisha akauliza baiskeli itauzwa au vipi.

"Inahitaji mtu wa mbele," nikasema.

"Nani?"

Nikamgeuzia uso. Leoncio akanywa maji.

"Mimi?" akasema Maricruz. "Shangazi, nina kilo tisini na sita na goti bovu! Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa nimevaa soksi za shule!"

"Hakuna milima," Leoncio akasema. "Treni ilipita hapo."

"Mjomba, mimi si treni."

Lakini alikubali, kama nilivyojua atakubali, akisema ni kwa ajili ya goti. Kila Jumatatu, siku anayofunga kantini. Tatizo ni kwamba viti ni viwili tu, na Maricruz amechukua kimoja. Anayekwenda ni mmoja, anayebaki ni mmoja. Tuligombana siku tatu, kila mtu akimsukumia mwenzake zamu ya kwanza. Nilishinda mimi, kwa sababu nilimwambia nina deni la miezi mitano na sitaki kulizungumzia tena.

Jumatatu hiyo niliketi kwenye benchi la stesheni. Nikasikia Maricruz anapanda, baiskeli inalalamika, Leoncio anamwambia mguu wa kulia kwanza. Nikasikia pedali zinashika, changarawe zinaondoka, kengele mara moja kwenye kona. Halafu hakuna. Nitasema ukweli: niliona wivu. Ile sauti niliyoijua kutoka ndani sasa niliisikia kutoka nje, inaenda bila mimi, na nikahisi kama nimesahauliwa kanisani. Nilijifunika koti nikakaa. Nikawaza kwamba labda atarudi na huzuni, mtu aliyekuwa mbele miaka yote, leo amewekwa nyuma kama mzigo. Nikaanza kutayarisha maneno ya kumfariji. Nilikuwa na mazuri matatu.

Walirudi baada ya saa mbili kasorobo. Maricruz alipita mbele yangu akihema, akaenda moja kwa moja kichwa chini ya bomba la maji. Leoncio alikuja polepole, akapapasa benchi, akaketi kando yangu. Mwili wake ulikuwa na joto. Nikachagua neno la kwanza kati ya yale matatu, nikavuta pumzi.

"Dulia," akasema kabla yangu. "Kule nyuma."

"Najua, mume wangu. Utazoea."

"Hapana, sikiliza. Nilikaa tu. Mgongo wa Maricruz umeuzuia upepo wote, jua lilinipiga usoni, sikutazama jiwe, sikutazama mbwa, sikushika kitu. Nilikanyaga tu, na dunia ikapita. Kwenye daraja niliinua kichwa. Miaka kumi na moja sijawahi kuinua kichwa kwenye daraja lile." Alikamata mkono wangu, akaubana kweli. "Kumbe kule ni kuzuri hivyo! Na miaka yote hiyo hukuniambia hata siku moja?"

Yale maneno yangu matatu nikayasahau.

"Ulikuwa unaongea," nikamwambia. "Sikutaka kukukatiza."